Dakika Kumi na Tano za Verlin Prater

Kesi ya Verlin Prater ilipewa dakika kumi na tano. Kumi na tano tu jamani, na kumi na tano nyingine za kampuni ya mgodi, basi, kwaheri. Mtu yuko mwaka wa sita anadai fidia ya mapafu yake, jalada limenona mpaka linasukumwa kwa kigari, halafu yote hayo yasemwe ndani ya muda ambao viazi vya watoto wa shule havijalainika. Aliyewaza viazi ni mkewe, Dreama, maana ndiyo kazi yake: mpishi wa shule ya msingi ya Bearwallow, kwenye makorongo ya West Virginia, Marekani, mwaka wa kumi na nane sasa.

Aliuliza mara mbili kwenye simu akidhani wakili amekosea. Wakili wao, Colleen Stiltner, mwanamke wa miaka thelathini na nne mwenye sauti ya mkwaruzo, alisema hakukosea. Kesi nyingi pale hupewa ishirini. Za mapafu meusi, ule ugonjwa wa vumbi unaowala wachimbaji wa makaa ya mawe, kama ubishi ni juu ya ushahidi, hupewa kumi na tano. Dreama akasema naona hata pumzi wanatupunja. Colleen akacheka, kisha akaacha ghafla kwa sababu hakujua kama ule ulikuwa mzaha.

Akamweleza taratibu, Dreama akiandika nyuma ya karatasi ya menyu ya wiki. Mahakama hii ni ya rufaa, ya kanda nzima, majimbo matano chini yake na majaji kumi na tano. Hawakai wote. Kesi moja inasikilizwa na watatu, na hao watatu wanapangwa kwa bahati nasibu. Majina yao hayatolewi mpaka asubuhi yenyewe, ili wakili asije akapika maneno kwa kufuata ulimi wa jaji fulani. Shahidi haitwi. Karatasi mpya haipokelewi. Verlin anaruhusiwa kuja na kukaa kwenye benchi, lakini hataulizwa chochote.

"Hata wakitaka kujua anajisikiaje?" Dreama aliuliza.

"Hawatataka," Colleen alisema. "Swali lao si kama anaumwa, Bi Dreama. Yule hakimu wa chini alimwamini daktari wenu, akawakataa madaktari wawili wa kampuni. Hawa wanaangalia sababu alizoandika. Zinasimama au hazisimami."

Zikisimama, Verlin anabaki na hundi yake ya kila mwezi na kadi ya matibabu. Zisiposimama, kadi inakufa, na kadi ndiyo inayolipia mashine ya oksijeni iliyokuwa inanguruma pembeni ya kochi, lita tatu kwa dakika, na mpira wake uliozunguka nyumba nzima mpaka chooni. Hilo Dreama hakuliandika. Hilo alikuwa analijua.

*

Walikwenda Richmond kwa gari la Okey Muncy, kaka yake Dreama, saa sita barabarani pamoja na kusimama kila Verlin alipohitaji kubadilisha mtungi. Walilala nje ya mji kwenye nyumba ya wageni ya dola themanini na nne, hela iliyochangwa kanisani. Asubuhi wakanywa kahawa na kula mikate yenye soseji kavu ndani ambayo Dreama alikuwa ameioka mwenyewe, maana hakuwa tayari kulipia mayai ya watu.

Mlangoni mwa mahakama mlinzi aliuchunguza mtungi wa oksijeni kama bomu, akaugonga, akauliza maswali, akaupitisha. Kisha akamwambia Verlin atoe vitu mfukoni, na kikatoka kisu cha kukunja.

"Hiki hakiingii, mzee."

"Hicho cha kumenyea tufaha," Verlin alisema.

"Humu hamna matufaha."

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni, wenye suti zao, wakaangalia viatu. Kule kwao mwanamume asiye na kisu mfukoni ni kama hajamaliza kuvaa. Verlin akasimama amekishika kile kisu, hajui akiweke wapi, na kukirudisha kwenye gari asingeweza, kilima cha mtaa ule kingemmaliza. Dreama akakichukua, akashuka nacho mitaa mitatu kwa viatu vya kanisani kumtafuta Okey, ambaye alikuwa anazunguka zunguka na gari kwa sababu maegesho yalikuwa dola ishirini na yeye kaapa kwamba halipi. Alipompata, Okey alikipokea dirishani akasema, "Mwambie shemeji serikali imeshinda raundi ya kwanza."

Aliporudi, jasho linamtoka, orodha ya majaji ilikuwa imeshabandikwa. Colleen aliisoma, na Verlin akamsoma Colleen usoni. Majaji Thackston, Pell na Brandau.

"Vipi, binti?" Verlin aliuliza.

Colleen akasema ni watu wazuri wote. Akaongeza kwamba Jaji Thackston, yule mama, huwa anauliza sana. Verlin akatikisa kichwa. Miaka yote aliyokaa chini ya ardhi alijifunza kwamba mtu akikwambia paa ni zuri huku anatazama juu, utoke.

Kisha akapita wakili wa kampuni, Bwana Whitcombe, mrefu, nywele za fedha, anachechemea kidogo. Aliwaona, akasimama, akasema habari za asubuhi Bwana Prater, poleni na safari. Alipopita, Verlin akamwambia mkewe polepole kwamba yule bwana amekaa miaka sita anasoma picha za kifua chake, leo ndiyo mara ya kwanza kumwona uso.

*

Jamani, hakuna nyundo wala kupiga kelele kama kwenye televisheni. Karani alitangaza, wote wakasimama, majaji watatu wakaingia kupitia nyuma na kukaa juu. Pale wakili anaposimama kuna taa ndogo: kijani sema, njano malizia, nyekundu kaa chini. Dreama alizipenda zile taa. Aliwaza angezifunga jikoni shuleni.

Whitcombe alianza kwa sababu kampuni yake ndiyo iliyokata rufaa. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei, kwamba Bwana Prater alivuta sigara mpaka mwaka tisini na nne, na kwamba hakimu wa chini aliwatupa madaktari wawili mabingwa kwa mistari minne tu. Jaji Pell, mzee mwenye uso wa babu, alimuuliza hili na lile kwa upole. Brandau alikuwa kimya kabisa, kidevu kifuani, na Dreama akaamini amesinzia.

Kisha Colleen akasimama, na Thackston akamrukia kabla hajamaliza jina lake.

Mistari minne inatosha? Ni ipi? Ukurasa gani? Kama inatosha, kwa nini wewe umetumia kurasa hamsini kuieleza? Kila Colleen alipojibu moja, lingine limeshafika. Shingo yake ikawa nyekundu kuanzia kwenye kola. Jaji Pell ndiye aliyemwokoa, akamwambia amalize sentensi yake binti, hatuna haraka, na akamtazama Verlin kule nyuma na kutabasamu kwa huruma kabisa. Dreama alimpenda hapo hapo. Akawaza, huyu ni wetu. Na yule mama ni wao.

Taa nyekundu. Whitcombe akarudi kwa dakika nne alizojiwekea akiba. Nyekundu tena. Thackston akasema mahakama imepokea kesi, wataamua baadaye, na sasa watashuka kuwasalimia mawakili. Lakini tangu zile dakika nne mtungi wa Verlin ulikuwa umeanza kulia pii, pii, dalili kwamba unakaribia kuisha, watu wamegeuka, na Dreama ameinama kati ya mabenchi anahangaika na koki, masikio yamejaa aibu.

Kwa hiyo hakuona. Verlin ndiye aliyeona.

Aliona majaji watatu wakitoka juu walikokuwa, wanazunguka, wanashuka mpaka sakafuni kwa watu. Wakaenda meza ya kampuni kwanza. Thackston akampa Whitcombe mkono, akacheka, akamuuliza goti linaendeleaje tangu upasuaji. Whitcombe akacheka pia. Pell akampa mkono. Brandau, aliyekuwa amelala, akaamka vizuri kabisa na kutoa mkono wake.

Sasa huko Bearwallow mkono hautolewi hivi hivi. Mtu akiuza gari, akigawa mpaka wa shamba, akimaliza ugomvi, anatoa mkono, na ukishatolewa hakuna karatasi inayoweza kuurudisha. Mwaka tisini na tatu Verlin alimwona meneja wa mgodi na mkubwa wa chama cha wafanyakazi wakipeana mkono barazani, wanacheka, Ijumaa. Jumatatu geti lilikuwa na mnyororo, na wanaume mia mbili na kumi wamesimama nje na makopo yao ya chakula.

"Tuondoke," alisema.

"Ngoja tumuage Colleen."

"Dreama. Tuondoke. Wamemaliza."

*

Njiani walivuka kwanza mpaka wa jimbo. Hapo ndipo Verlin alipoeleza alichokiona. Okey, ambaye ana mzaha wa kila kitu, akaendesha kilomita nyingi bila kuwa na mzaha. Mwishowe akasema angalau hakuwalipa zile dola ishirini.

Colleen alipiga simu mara tatu jioni ile. Kule kwenye makorongo mtandao ukishika ni bahati, na ulipotaka kushika, Verlin alikuwa amezima simu.

Jumanne iliyofuata Dreama alirudi kutoka kazini akakuta nyumba kimya. Ni ukimya uliomtisha, maana nyumba ile ilikuwa haijanyamaza miaka mitatu, mashine inanguruma usiku na mchana. Mumewe alikuwa barazani, kwenye kiti, midomo imegeuka rangi ya zabibu nyeusi. Miguuni pake kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi mashine, waya umekunjwa vizuri, na mpira wote mrefu umezungushwa kama kamba ya ng'ombe.

Alikuwa amewapigia wenye mashine waje kuichukua. Kijana wa kwenye simu alimjibu hana agizo lolote la kuichukua, na kwenye kompyuta yao kila kitu kimelipwa. Verlin akamwambia subiri utaona. Akakaa nje kuwasubiri.

"Unafanya nini, Verlin?"

Maneno yalimtoka mawili mawili. Alisema alimwona Arvil Cline, mchimbaji mwenzake, mwaka juzi, kesi yake ilipoanguka. Gari la kampuni ya mashine lilikuja saa nane mchana, watoto wanashuka basi la shule, na watu wawili wakaibeba kupitia mlango wa mbele wakati Arvil amekaa pale pale na pajama. Kila mtu aliona. "Mimi naitoa mwenyewe," alisema. "Hawatanikuta na pajama."

Dreama hakulia wala hakupaza sauti. Aliweka chini mkoba wake na kukaa kwenye ngazi.

"Sikiliza bwana. Wakitaka kukunyang'anya, waje wafanye kazi hiyo wenyewe, wanalipwa mshahara kwa ajili yake. Mimi sitawasaidia kubeba. Na wewe ukiwasaidia, utakuwa umeifanyia kampuni kazi moja zaidi, tena ya bure."

Akabeba lile boksi. Ni zito, kilo kama kumi na tano, lakini mtu anayenyanyua masufuria ya watoto mia tatu hashindwi. Mashine ikaanza kunguruma tena. Verlin akakubali kwa masharti yake: atavaa mpira usiku tu, mchana atapumua cha kwake. Akawa hivyo wiki baada ya wiki, anakonda, anatoka kitandani mpaka kwenye kochi kwa kupumzika njiani.

*

Dreama alimpigia Colleen kutoka stoo ya shule, kati ya magunia ya unga. Alimuuliza moja kwa moja walipewa nini wale majaji. Colleen hakuelewa. Alipoelewa, akasema kosa ni lake, alipaswa kuwaeleza, amezoea mpaka amesahau kwamba ni ajabu.

Ni desturi ya mahakama ile. Kila kesi ikimaliza kusikilizwa, majaji wanashuka na kuwapa mkono mawakili wa pande zote mbili. Wanafanya hivyo hata kwa kesi ya muuaji. "Walikuja kwangu baada yake, Bi Dreama. Thackston aliniambia nimefanya kazi nzuri. Nikageuka niwatambulishe, mmeshaondoka." Halafu akaeleza kinachofuata: wale watatu wanajifungia siku hiyo hiyo, wanapiga kura, mmoja anapewa kuandika, na uandishi unaweza kuchukua miezi. Hakuna wa kumpigia simu kuharakisha. Masjala hata wao hawajui.

Dreama alimpelekea Verlin maneno yale kama alivyoyapokea. Verlin akasema wakili atakwambia nini kingine.

Okey ndiye aliyekumbuka kwamba mahakama huweka sauti za kesi mtandaoni, Colleen alikuwa amewatajia. Wakakaa jikoni Jumapili baada ya ibada, maharage yapo motoni, mkate wa mahindi mezani, wakasikiliza dakika zote kwenye simu ya Okey, Verlin kule kwenye kochi anajifanya anaangalia mpira kwenye televisheni. Na ni ajabu, ukisikiliza bila kuona nyuso, mambo yanakuwa mengine. Thackston alikuwa amembana Whitcombe pia mwishoni, kwenye zile dakika nne, wakati wao wanahangaika na mtungi. Alimuuliza kama kuna daktari wa kampuni hata mmoja aliyeisoma ile picha ya kifua ya karibuni, ambayo daktari wa Verlin aliitegemea, na Whitcombe akasema hapana, Mheshimiwa. Thackston akasema ahsante. Halafu sauti ikakatika.

"Mkono haumo," Dreama alisema.

"Si unaona," Verlin alisema kutoka kwenye kochi. "Hapo hawakurekodi."

Okey akacheka mpaka akapaliwa na mkate. Verlin hakucheka, lakini alisema warudishe pale pa picha ya kifua, akasikiliza tena.

*

Hukumu ilitoka Juni, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, bila onyo. Colleen alipiga simu shuleni, na mwalimu mkuu mwenyewe akaja jikoni kumwita Dreama. Wameshinda, wawili kwa mmoja. Aliyeandika ni Thackston, na yule Brandau aliyesinzia amemuunga mkono. Aliyepinga ni Pell. Ameandika kurasa kumi na moja, kwa lugha nzuri sana, kwamba mistari minne haitoshi na kesi ingepaswa kurudi chini ianze upya.

"Yule babu?" Dreama alisema. "Aliyetuonea huruma?"

Colleen akasema huruma anayo kweli. Sheria ndiyo anaisoma hivyo.

Nyumbani Dreama aliwasha mashine mchana kweupe na kumvisha mumewe mpira. Verlin alimwacha amvishe. Lakini bahasha ya hukumu ilipokuja kwa posta alikataza isifunguliwe, kwa sababu Colleen, mkweli kama kawaida yake, alikuwa amewaambia kampuni ina siku arobaini na tano za kuomba majaji wote kumi na tano waiangalie upya. Bahasha ikakaa juu ya friji. Siku ya arobaini na nne kampuni ikaomba. Baada ya wiki mbili na nusu likatoka jibu la aya moja: hakuna jaji hata mmoja kati ya wote aliyetaka ipigiwe kura. Pell naye hakutaka.

"Sasa soma," Verlin alisema.

Alikuwa kitandani kwa wakati huo, mashine imepandishwa mpaka lita nne. Dreama alivaa miwani, akakaa ukingoni, akasoma polepole kama anavyosoma vipimo vya unga. Kulikuwa na majina ya kesi za watu wengine, akayaruka. Kulikuwa na madaktari, akawasoma wote. Verlin alifumba macho. Mara mbili tatu alisema mh.

Akafika ukurasa wa tatu. Akasoma kwamba Verlin Prater alifanya kazi chini ya ardhi katika migodi ya makaa ya mawe kwa miaka ishirini na saba.

"Rudia."

Akarudia.

"Na nusu," Verlin alisema.

"Haikuandikwa nusu."

"Ishirini na saba na nusu. Ile miezi sita ya mwisho walinipeleka kutoboa mwamba, wakawa wananilipa kwa siku. Hawakuiweka kwenye vitabu." Alivuta pumzi, akasubiri nyingine. "Vumbi lote baya liko kwenye hiyo nusu."

Dreama alimwambia haibadilishi kitu sasa, kesi imekwisha, ameshashinda.

"Najua nimeshinda. Iandike."

Akatafuta kalamu kwenye droo, ikawa kavu, akatafuta nyingine. Akaiweka hukumu ya mahakama ya rufaa juu ya goti lake, na pembeni ya ule mstari, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyezoea kuandika menyu, akaandika: na nusu. Akamwonyesha. Verlin akaitazama kwa muda, akamwambia aendelee kusoma.